Mtoto anayesoma kabla ya kuongea

Kwa ndugu zangu wa Kibosho, Kilema na Uru, Tumsifu Yesu Kristo. Kwa wa Machame, Marangu na Mwika, Bwana Yesu asifiwe. Nanyi mnaosalimiana kwa salamu zote mbili chini ya paa moja, maana ndoa za huku mlimani zimeshatuchanganya, karibuni katika tafakuri ya Jumapili hii.

Leo nimekusudia kuzungumza habari za mtoto ambaye huenda anakaa benchi la nyuma katika usharika au parokia yako, au ambaye hajaonekana kanisani tangu Pasaka na hakuna aliyeuliza. Ana miaka minne. Hakuna aliyemfundisha, lakini anasoma. Ndani ya daladala ya kutoka Himo kuja Moshi mjini anasoma kila kibao kinachopita dirishani: majina ya maduka, bei ya petroli kituoni, maneno yaliyoandikwa nyuma ya lori, namba za magari. Nyumbani hupanga vizibo vya soda sakafuni mpaka vinakuwa herufi. Kalenda ya ukutani anaijua kuliko baba yake. Ukimfungulia Mathayo sura ya kwanza, anateremka na ukoo wote kutoka Ibrahimu mpaka Yusufu bila kujikwaa, majina ambayo wasomaji wetu wa masomo huomba yasiwaangukie siku ya zamu yao.

Mtoto huyohuyo, ukimwuliza, "Baba, umekula nini?" anakujibu, "Umekula nini?" Akitaka maji hasemi "Nataka maji." Anasema "Unataka maji," kwa kuwa ndivyo alivyomsikia mama akimwuliza. Ukimwita jina hageuki. Ukibadilisha njia mliyozoea kwenda dukani, analia mpaka majirani wanatoka nje. Kwaya inapowasha spika, anaziba masikio na kupiga kelele kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Wazazi wa watoto wa namna hii husimulia habari zinazofanana sana. Hukumu huja mbili, tena kutoka kwa watu walewale. Ya kwanza ni ya furaha. Bibi anashika kichwa na kusema mjukuu wake atakuwa askofu. Mzee wa kanisa anamwinua mtoto juu ya kiti mbele ya usharika, anapewa kipaza sauti, anasoma mistari kumi ya nabii Isaya, watu wanapiga vigelegele, wengine wanalia. Karama hiyo! Mtumishi mdogo! Hukumu ya pili huja baada ya miezi michache, siku ambayo mtoto anajitupa chini katikati ya mnada wa sadaka, kati ya mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, na hanyamazi. Hapo wanaanza kunong'ona. Wapo watakaotaja chungu kilichovunjwa katika ukoo miaka ya nyuma. Wapo watakaosema mama alitembea vibaya akiwa mjamzito. Wapo watakaoshauri akatwe kimeo, au udata chini ya ulimi, ndipo maneno yatoke. Na wapo watakaomwekea mikono kichwani na kumkemea pepo kwa sauti inayomwumiza masikio zaidi ya ile spika.

Naiona hukumu ya kwanza kuwa na hatari kama ya pili, na pengine zaidi, kwa sababu ni tamu. Mtoto anayeitwa mwenye pepo, walau wazazi wake wanajua kuna jambo. Mtoto anayeitwa nabii haendi kwa daktari. Miaka inayofaa kumsaidia, ile ya kabla ya kuanza shule, inaisha akiwa anapigiwa vigelegele.

Tunaelewa kwa nini tunadanganyika. Kwetu mlimani shule na kanisa vilifika pamoja. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Kilema mwaka 1890, na wamisionari wa Leipzig walipoingia Machame mwaka 1893, kengele iliyoita watu kwenye sala ndiyo iliyoita watoto kwenye herufi. Tangu hapo anayesoma ana heshima yake, na mzazi wa Kichaga atauza kahawa, atauza ng'ombe, mtoto asome. Sasa akitokea mmoja anayesoma kabla hajaacha nepi, nani atauliza swali?

Tena lugha yetu yenyewe inatuficha ukweli. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazishika silabi, ba be bi bo bu, anaweza kumtamka Nebukadreza sawasawa bila kujua kama Nebukadreza ni mtu, mji au aina ya chakula. Anaweza kukusomea karatasi ya benki, tangazo la msiba na maelekezo ya dawa ya mifugo kwa sauti moja, bila kusikitika kwenye msiba wala kucheka mahali pengine popote. Midomo inasoma, na sisi tunadhani moyo nao umesoma.

Hali hii ina jina. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Norman Silberberg na Margaret Silberberg, waliandika juu ya watoto wanaotamka maandishi kwa uwezo unaopita sana umri wao, huku uelewa wao wa lugha ukiwa nyuma. Kwa matamshi yetu tuiite haipaleksia. Mara nyingi huambatana na usonji, ambao ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana, anavyohusiana na watu na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Lakini si mara zote. Daktari Darold Treffert, pia wa Marekani, aliwagawa watoto hawa katika makundi matatu: wanaosoma mapema kwa sababu tu ni wepesi, na hawana shida nyingine, wenye haipaleksia pamoja na usonji, na wenye dalili zinazofanana na za usonji ambazo hupungua kadiri wanavyokua. Kutofautisha kundi la pili na la tatu huhitaji muda na jicho la mtaalamu. Jirani hawezi. Mwandishi wa safu hii hawezi. Na mchungaji, kwa heshima zote, naye hawezi.

Niseme na hili, kwa kuwa nimelisikia hata kwenye baraza za kanisa. Chanjo haileti usonji. Kosa la mama halileti usonji. Simu inaweza kumfundisha mtoto herufi, na ndiyo maana wengine wanajua rangi zote kwa Kiingereza cha katuni kabla ya kujua kuomba uji kwa Kiswahili. Inaweza pia kumnyima muda wa kuzungumza na watu. Lakini siyo iliyomletea usonji. Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, katika Yohana sura ya tisa, walitaka kwanza kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa swali lenyewe. Lile swali bado linaulizwa kila wiki, tena na watu waliotoka kusikia mahubiri ya sura hiyohiyo.

Sasa fungua Matendo ya Mitume sura ya nane, habari ya Filipo na yule towashi wa Kushi. Tumezoea kuihubiri kama habari ya ubatizo au ya Injili kufika Afrika. Naomba leo tuisome kama habari ya msomaji.

Huyu ni mtu mkubwa, mtunza hazina ya malkia, anarudi kutoka Yerusalemu kwa njia ya jangwa inayoshuka Gaza. Ameketi garini anasoma nabii Isaya kwa sauti, hata Filipo aliyeko nje anasikia. Anasoma vizuri. Kwa macho ya barabarani hana shida yoyote. Lakini Filipo anakimbia mpaka ubavuni mwa gari na kumwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Yule mtu, bila kujivuna kwa cheo chake, anajibu kwamba hawezi kuelewa asipopata wa kumwongoza. Kisha anamwomba apande aketi pamoja naye.

Angalia jinsi Filipo alivyofanya. Hakusimama kando ya barabara akishangilia kwamba towashi anasoma Isaya. Hakumkemea kwa kutoelewa. Hakumnyang'anya kitabu ili ampe kingine anachokipenda yeye Filipo. Alipanda, akakaa, na akaanzia palepale penye andiko ambalo mwenzake alikuwa ameshika. Mwalimu yeyote wa watoto wenye haipaleksia atakuambia kuwa hiyo ndiyo kazi yao yote: kuanzia kwenye herufi, kwa sababu ndiko mtoto aliko, na kutoka hapo kumvuta taratibu mpaka kwenye maana, na kutoka kwenye maana mpaka kwa watu.

Kuna mzee mwingine katika Maandiko anayetusaidia hapa. Zakaria, baba wa Yohana Mbatizaji, alikaa miezi bila kuweza kusema. Siku ya kumpa mtoto jina, ndugu walikuwa wameshaamua lao. Akaomba kibao cha kuandikia, akaandika jina. Ulimi ulikuwa umefungwa, maandishi yalikuwa wazi, na hakuna aliyemwambia mzee kwamba kuandika si kuongea. Mtoto wa namna hii kibao chake amezaliwa nacho. Kinachotakiwa ni nyumba nzima kukubali kuzungumza naye kupitia hicho.

Inafanyikaje? Chukua kipande cha boksi, uandike kwa kalamu nene: NATAKA MAJI. Mwonyeshe, kisomeni pamoja, kisha mpe maji papo hapo. Kesho tena, keshokutwa tena. Mtoto aliyekuwa akisema "Unataka" kwa kuiga sikio ataanza kusema "Nataka" kwa kulisoma neno, maana jicho lake linaaminika kuliko sikio lake. Asubuhi ya Jumapili andika kwa mstari: VIATU. DALADALA. KANISA. NYIMBO. SALA. NYUMBANI. Kila jambo likiisha, afute neno lake. Kelele nyingi tunazoziita ukaidi ni hofu ya mtu asiyejua kinachofuata. Ukimwandikia kinachofuata, hofu inapungua. Badala ya kumwuliza umekula nini, andika NIMEKULA, acha nafasi, weka ndizi na yai mezani, mwache achague neno la kujaza. Siku moja chora uso unaolia, andika chini yake AMEHUZUNIKA. Hili la mwisho litachukua muda mrefu kuliko yote. Kusoma neno huzuni ni jambo moja, na kumtambua mama mwenye huzuni aliyekaa jikoni ni jambo jingine.

Usimzuie kusoma kwa kudhani kusoma ndiko kunakomharibu. Pia usimfanye onyesho. Kipaza sauti kile, kwa huruma, kiwekeni chini.

Nataka niwasimulie habari za mtu mmoja wa mbali, kwa sababu amezaliwa katika nyumba ya kanisa kama nyumba zetu. Donald Triplett alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Wazazi wake walikuwa Wapresbiteri. Akiwa bado mdogo sana alikariri Zaburi ya 23, na pamoja nayo maswali 25 ya katekisimu na majibu yake. Wanakwaya wetu wa kipaimara wangemwonea wivu. Lakini baba yake aliona jambo ambalo waliokuwa wakishangilia hawakuliona: mtoto aliyejua maswali 25 na majibu yake hakuwa anajifunza kuuliza swali lake mwenyewe, wala kujibu la mwenzake. Naye alikuwa akibadilisha "mimi" na "wewe," kama mtoto wetu wa "Unataka maji."

Mwaka 1937 wazazi walishauriwa wampeleke kituoni, mbali na nyumbani, wamwache huko. Walimpeleka. Mwaka uliofuata walimrudisha, kinyume cha ushauri huo, na baba akamwandikia daktari Leo Kanner wa Baltimore barua ya kurasa 33 akieleza kila alichokiona kwa mwanawe. Mwaka 1943 Kanner alichapisha makala juu ya watoto 11, na Donald akiwa wa kwanza kuelezwa. Kutoka kwenye makala hiyo dunia ilianza kuujua usonji kama tunavyoujua leo. Kwa hiyo mwanzo wa elimu yote hii ni barua ya mzazi aliyekaa akamtazama mwanawe kwa makini, badala ya kusikiliza yanayosemwa.

Sehemu ninayoipenda zaidi inakuja baadaye. Donald alikaa miaka kadhaa shambani kwa mume na mke wakulima, si mbali na kwao. Alikuwa na tabia ya kupimapima vitu, basi wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, basi wakamwambia aihesabu huku akiilima kwa farasi. Hawakuwa na shahada yoyote ya tiba, watu wale. Niambie, hapa kwetu penye vihamba, nani atakosa cha kuhesabisha? Mashina ya kahawa yapo, migomba ipo, madebe ya maziwa yapo.

Donald alimaliza sekondari na chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Tusijidanganye, ile benki ilikuwa ya familia ya mama yake, na si kila nyumba ina benki. Wala si kila mtoto mwenye usonji atafika alikofika yeye. Wapo ambao hawatasema neno maisha yao yote, na wengi hawasomi mapema hata kidogo. Simleti hapa ili mzazi aanze kumngoja Donald wake. Namleta kwa sababu ya mji ule. Watu wa Forest walimzoea, wakazoea namna yake ya kuwapa watu namba badala ya majina, wakamchunga bila kumchungulia.

Hapa mkoani Kilimanjaro hatuanzi kutoka sifuri. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa jitihada za makanisa, ina idara ya watoto, ina wataalamu wa masikio, na ina chuo kinachofundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomsaidia mtoto kula, kuvaa, kucheza na kutulia. Mtoto asiyeitika jina lake aanzie kwenye kupimwa masikio, kabla ya lingine lolote; ni kipimo ambacho wengi hukiruka. Kuna Kituo cha Gabriella, kinachohudumia watoto wenye ulemavu, wenye usonji wakiwamo. Kuna Building a Caring Community, mpango wa KKKT Dayosisi ya Kaskazini wenye vituo vya kutwa kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Milima ya jirani, huko Lushoto, Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki wana shule ya Irente Rainbow. Nafasi haziwatoshi wote, najua, na nauli ya kutoka Rombo au Tarakea mara mbili kwa wiki si kitu kidogo kwa mama anayeuza parachichi. Lakini anayesema hakuna pa kwenda hajauliza.

Shule nayo ina wajibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake. Mwalimu wa darasa la awali akimpokea mtoto anayesoma gazeti asimrushe darasa kwa furaha. Amkalishe na wenzake wa umri wake, maana wenzake ndio somo lake gumu.

Je, tusimwombee? Tumwombee sana. Ila maombi yasiwe badala ya hospitali, wala yasiwe na bei. Mtoto wa miaka minne asifungishwe chakula siku tatu. Asifungwe kamba. Asichapwe ili kitu kitoke. Akimwona mtu mzima anamjia kwa sauti kubwa na mikono juu, mtoto huyu hataiona huruma ya Mungu katika tendo hilo. Ataogopa jengo zima, na Jumapili inayofuata atagoma kuvaa viatu. Nimewasikia watumishi wazuri wakiomba kwa sauti ya chini, wamekaa sakafuni karibu na mtoto, wakiandika neno AMINA kwenye karatasi ili alisome mwishoni. Na akalisoma.

Kwa akina baba nina neno fupi. Katika habari nyingi ninazoletewa, anayeleta ni mama. Baba yuko Arusha kikazi, au yuko Dar es Salaam, au yupo hapahapa lakini ameshasema kwamba katika ukoo wao hakuna watoto wa hivyo. Ile barua ya kurasa 33 iliandikwa na baba. Alikuwa mwanasheria, mwenye shughuli nyingi kama wewe.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Usharika wenye watu 1,000, kwa hesabu hiyo, ungekuwa na karibu wanane. Mchungaji, padri, mwinjilisti, katekista, hebu wahesabu wanane wako. Kama huwaoni, wako nyumbani, na mama zao wako nyumbani pamoja nao, wakisikiliza ibada redioni kwa sababu wamechoka kugeukiwa na benchi zima. Kuwarudisha hakuhitaji harambee. Punguza spika za upande mmoja wa kanisa. Tenga benchi karibu na mlango, ili mtoto akizidiwa atoke bila kukanyaga watu. Mwalimu wa shule ya Jumapili aandike ubaoni ratiba ya siku. Na mtoto akipiga kelele katikati ya mahubiri, mhubiri aendelee kuhubiri. Waumini huangalia uso wa mhubiri kwanza. Akikunja uso, kanisa zima linakunja.

Limebaki swali ambalo mama hawa huliuliza mwishoni kabisa, wakiwa wameshasimama kuondoka: nikifa, nani atakaa naye? Filipo hakukaa garini milele. Roho alimchukua, na yule towashi akaendelea na safari yake akifurahi. Lakini kijana wetu yeye anaendelea na safari kwenda kwa nani? Kwa desturi yetu kihamba cha nyumbani kwa kawaida humwangukia kitinda mimba, na wakubwa hutafutiwa kwingine. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hatajwi popote katika mgawo huo, kana kwamba hatakuwa na miaka arobaini. Atakuwa nayo. Desemba hii, magari yakishapanda kutoka Dar es Salaam na Mwanza, na ukoo ukishakaa chini ya migomba kumaliza mambo yake, kabla mbege haijazunguka mara ya pili, baba mkubwa amtaje mtoto huyo kwa jina. Iandikwe atalala nyumba ipi, nani atampeleka kliniki, mkungu wa shina lipi ni wake, na nani atasimamia. Na karatasi hiyo apewe aisome yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote.